Chumvi Miguuni kwa Mama

Juzi mama mmoja alinirudishia waridi. Mimi nauza miche ya maua kando ya barabara hapa Mbalizi, kwenye vifuko vyeusi na makopo ya rangi yaliyokwisha, na kuhusu kazi hii nina ndoto nyingi ambazo leo sitawachosha nazo. Waridi lile nililiuza likiwa na afya, limejaa vichwa vya maua. Sasa majani yake yalikuwa yamekauka kuanzia kwenye ncha, kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na mshumaa, na maua yalikuwa yamedondoka kabla ya kufunguka. "Nalimwagilia kila siku," yule mama alilalamika, "na mbolea sijawahi kulinyima. Umeniuzia ugonjwa wewe." Nikapokea kopo. Juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe mwembamba, kama unga uliomwagika ukasahaulika. Nikamwomba radhi, nikampa jingine, tukacheka vizuri tu. Alipoondoka ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimesimama kwa vidole vya miguu, kama mtu anayeogopa kukanyaga.

Ukoko ule naujua. Nyinyi wa rika langu, kila mmoja ana kitu chake alichokiogopa utotoni. Wengine fisi, wengine mumiani, wengine mwalimu wa hesabu. Mimi niliogopa chumvi. Niliiogopa kwa sababu nilikuwa na hakika, hakika kabisa ya mtoto, kwamba itamuua mama yangu.

Sisi ni watu wa milimani, kule juu ya Mbeya kwenye viazi na ukungu, ambako mtoto anajifunza kuvaa sweta kabla hajajifunza kutembea. Nilipokuwa darasa la pili baba alisikia habari za vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, akaona huko ndiko maisha yaliko. Tukashuka. Ukisikia kushuka, ni kushuka kweli: barabara ile inateremka Kitonga ikizunguka kama nyoka anayetafuta tundu, na kila kona joto linaongezeka, mpaka unafika chini bondeni unajikuta umevua sweta, umevua na viatu, na bado unatafuta kingine cha kuvua. Shamba tulilokodi lilikuwa mwisho wa mfereji. Watu wa pale walijua kwa nini limekaa bila mtu. Sisi hatukujua, na hatukuuliza, kwa sababu mgeni mwenye haraka haulizi.

Jirani yetu wa shamba aliitwa Mama Zaituni, mwanamke mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Alitusalimia "Kamwene!" siku ya kwanza, na mama hakujua aitikie nini, akasema "Ndaga," ambayo kwetu ni asante. Mama Zaituni akacheka mpaka akaegemea jembe. Tangu siku hiyo tukawa watu wake.

Asubuhi moja, vitunguu vikiwa vimeshashika, nilitangulia shambani nikakuta majaruba ya mwisho, vile vitalu vya kushika maji, yamekuwa meupe. Kwetu, miezi ya baridi kali, ukiamka ukaona ardhi nyeupe unajua barafu imeanguka, na viazi vitakuwa vyeusi kabla ya mchana, na watu wazima hawatazungumza siku hiyo. Nikarudi mbio nikipiga kelele. "Baba! Baba, barafu imetufuata!"

Baba alicheka hadi akakaa kwenye ukingo wa mfereji. Mama Zaituni naye akadakia kutoka kwake, "Barafu? Hapa Mbuyuni? Mwambieni aniletee kidogo niweke kwenye maji ya kunywa, nyinyi watu wa baridi mtaniua!" Lakini alipokuja akaona, kicheko kikamwisha. Akainama, akakwangua ule weupe kwa ukucha, akauweka ulimini.

"Chumvi hii," akasema. "Imeanza kupanda."

"Inapanda kutoka wapi?" mama aliuliza.

"Chini. Inakaa huko imetulia. Ukilinywesha shamba maji kidogo kidogo inaamka, inapanda nayo. Maji yanakwenda zake na jua, yenyewe inabaki hapo juu. Ndiyo inakula mimea."

Nami nilionja. Ilikuwa chumvi kweli, chumvi yenye uchungu kwa nyuma. Na hapo hapo moyo wangu ukashika maneno yale kama mtoto anavyoshika maneno: kuna kitu chini, kimelala, kinaamka, kinapanda, kinakula. Sikuwaza ile chumvi ya kwenye kopo jikoni. Niliwaza kitu chenye meno madogo sana.

Na kweli nilikiona kikila. Vitunguu vya mbegu vya mama, vile alivyovipanda kwenye jaruba lake mwenyewe ili vitoe maua, vilianza kukauka kutoka juu, kwenye ncha, kurudi chini polepole. Majani mengine yalikuwa na rangi ya kijani kilichokolea mno, kama mtu aliyevilia damu. Mchana vilinyauka ilhali udongo umelowa. Ukiugusa unateleza, lakini mmea umelegea kwa kiu. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko vyote. Kuwa ndani ya maji na kufa kwa kiu! Kisha maua yakatoka mapema, kama yameharakishwa na mtu, vichwa vidogo vyenye vitawi vichache, na nyuki wakavizunguka wakaondoka. Nyanya chache tulizopanda ukingoni zikapukutisha maua yake ya njano, moja moja, yakikatika pale kwenye kifundo kidogo. Zile chache zilizozaa zilizaa matunda madogo kama gololi, na matamu kupita kiasi. Niliyatema. Nilidhani utamu ule ni mtego.

Mama yangu hakuwa mtu wa kukaa akitazama kitu kinakufa. Kwetu milimani kila mmea unaougua hupewa majivu. Migomba majivu, kabichi majivu, maharage yamegoma, majivu. Udongo wetu mwekundu unayapenda, na hakuna bibi asiyekuwa na ndoo ya majivu nyuma ya jiko. Basi mama akakusanya majivu. Akachota ya jikoni kwetu, akapita kwa mama lishe wote wa kando ya barabara kuu akaomba ya kwao, akarudi na ndoo kichwani amejaa uvumbi hadi kwenye kope, anaimba. Akanyunyiza kwenye kila shina la kitunguu, kwa upendo, kama anavyopaka mtoto mafuta.

Mama Zaituni alipoliona jaruba lile limekuwa la kijivu, alitupa jembe. "Mama Tumpe! Umefanya nini, dada yangu?"

"Nimevipa dawa."

"Dawa! Wewe, bibi zetu walichuja majivu wakapata chumvi ya kupikia mboga. Una chumvi shambani, unaongeza chumvi?"

Mama alisimama na ile ndoo tupu. Akajifuta uso kwa kanga, na ile kanga ikaacha mstari mweupe wa majivu kutoka jicho hadi kidevu. Baada ya hapo vitunguu vilikufa haraka zaidi. Hakuna aliyemlaumu, baba hakuwa mtu wa hivyo. Lakini mama alianza kwenda pale jarubani peke yake, anachuchumaa, anavitazama.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ndipo hofu yangu ilipopata miguu. Mama alikuwa mjamzito. Nilijua, nilikuwa nimeambiwa nitapata mdogo wangu. Na jioni moja aliporudi shambani, akageuka kuning'iniza jembe, nikaona mgongo wa blauzi yake nyeusi. Ulikuwa na ramani nyeupe. Mistari, visiwa, kingo, ukoko uleule. Leo najua ni jasho tu, jasho likikauka linaacha chumvi yake, hata wewe unayo. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kuona kitu hicho, kule kwetu nani anatoka jasho? Nikanyoosha kidole nikagusa, nikaonja. Nikakimbilia nje nikatapika.

Nikaanza kumchunguza. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekauka na kuchanika. Vinaanza kwenye ncha, niliwaza, vinarudi chini. Miguu yake ikavimba, ndala hazikumtosha tena, akawa anavaa za baba. Alikunywa maji, akanywa, na bado akasema ana kiu. Kisha akarudi kutoka kliniki akamwambia baba, nami nikiwa nyuma ya turubai la mlango, "Nesi kasema presha imepanda. Kasema nipumzike, na chumvi nipunguze."

Imepanda. Chumvi. Nilikaa chini pale nilipokuwa. Kila kitu kililingana. Alikuwa anakanyaga pekupeku kwenye jaruba lile kila siku, na chumvi ilimwingia kwa miguuni, ikapanda. Na mimi nilikuwa nimeona inachoufanya mmea ukiwa na ua. Kwanza inadondosha ua.

Sikumwambia mtu. Kwa nini watoto hawasemi, sijui hadi leo. Nadhani niliona watu wazima wanajua tayari, na kwamba wananificha, na kwamba nikisema nitawaongezea.

Ilikuwa likizo, kwa hiyo niliweza kumfuata kutwa. Nilimwekea magunia njiani akanyage juu yake. Akadhani ni mchezo. Nikaficha kopo la chumvi la jikoni, baba akalitafuta akakasirika, nikalirudisha. Na ndipo Mama Zaituni alipokuja kumwonyesha baba namna ya kuliosha shamba. Sikujua kwamba shamba linaoshwa. Kwanza wakachimba mtaro chini kabisa, wenye kina, wa kutolea maji. "Bila njia ya kutokea," Mama Zaituni alimwambia baba, "unaikoroga tu, inabaki palepale." Kisha wakafungua mfereji wote, zamu yetu na yake aliyotuachia, maji yakafurika majarubani yakasimama siku nzima, yakazama, yakatokea mtaroni yakiwa na rangi ya chai. Nilionja yale ya mtaroni. Yalikuwa ya chumvi. Ilikuwa inatoka!

Nadhani sijawahi kuwa na furaha kubwa namna ile. Nilirudi nyumbani nikikimbia. Ilikuwa saa sita za mchana, jua la kupasua. Mama alikuwa amelala chali kwenye mkeka chini ya kivuli cha kibanda, ametulia sana, mkono mmoja juu ya tumbo, macho yamefumba. Nikachukua jembe dogo. Nikachimba mtaro kuanzia kwenye nyayo zake hadi nje ya uzio, kwa haraka, bila kishindo. Kisha nikaleta ndoo ya maji na kikombe, nikaanza kummiminia miguuni. Kikombe baada ya kikombe. Maji yalitiririka kwenye vifundo vyake vilivyovimba, yakaingia mtaroni, yakaenda. Nikayaonja. Hayakuwa na chumvi. Nikaongeza mengine, nikasugua kwa kiganja, nikabonyeza ili itoke. Na pale nilipobonyeza kwenye mfupa wa mguu, pakabaki shimo. Kidole changu kilibaki kimeandikwa pale, kama kwenye udongo wa jarubani.

Nilipiga ukelele.

Mama akafumbua macho. "Tumpe. Unanifanya nini, mwanangu?"

"Naitoa chumvi, mama."

Alijaribu kucheka. Kicheko kilianza vizuri kabisa, kicheko chake kilekile, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili. Akanitazama kwa muda mrefu, akipepesa, kama mtu anayetazama jua.

"Mbona mko wawili?" akasema. Kisha kwa sauti ndogo, "Niitie baba yako. Kimbia."

Nilikimbia. Baba alikuja, Mama Zaituni akaja nyuma yake na matope hadi magotini. Yeye ndiye aliyebonyeza ule mguu kwa dole gumba, akatazama shimo, akamtazama mama usoni. Alikwenda barabarani akasimama katikati ya lami na mikono juu. Pikapu iliyobeba matenga ya nyanya ikasimama breki zikilia. Wakashusha baadhi ya matenga, wakamlaza mama nyuma, baba akapanda akampakata kichwa. "Iringa, hospitali, usisimame popote!" Mama Zaituni alimwambia dereva. Nikamwona mama anainua mkono kidogo, sijui aliniaga mimi au alikuwa anatafuta pa kushika. Gari likaelekea Kitonga. Nililitazama likawa dogo, likawa doa jekundu la nyanya, likaisha.

Nilibaki kwa Mama Zaituni. Simu ya baba haikupatikana. Mama Zaituni alipika ugali na dagaa, nikakataa kula. Akapika mlenda, nikauliza kama umetiwa chumvi, akasema umetiwa, nikakataa. "Huyu mtoto wa Kinyakyusa anataka kunitia aibu," alinung'unika, "watasema namshindisha njaa." Nilikunywa uji mtupu. Niliamini nisipoila mimi, itakuwa imepungua kwa mama.

Kesho yake nilimfuata kwenye nyanya zake. Chini ya mashina palikuwa na maua yaliyodondoka, maana hata kwake ukingoni chumvi ilikuwa imegusa. Nikamuuliza, nikijifanya nauliza tu, "Shangazi, mmea ukidondosha maua unakufa?"

Alikuwa anapalilia, hakuinua hata kichwa. "Ukidondosha? Aa, huo usiulilie. Huo unajiokoa. Umeona hali ngumu, unaacha mzigo, unabaki na majani yake, mvua ikija unachanua tena. Ulilie ule unaong'ang'ania maua yote na wenyewe umekauka. Huo ukiugusa unavunjika."

Yeye aliendelea kupalilia. Mimi nilikwenda nikakaa kwenye ule mtaro wa maji ya chai, nikafumba macho, nikamwomba Mungu kama nilivyofundishwa Jumapili, nikiwa nimeunganisha viganja. Nikaomba mama adondoshe. Nililisema hivyohivyo. Nilijua ninasema nini. Nililia kwa ajili ya mdogo wangu huku ninaomba aondoke, na baada ya kusema amina nikaogopa kuinuka, kwa sababu nilihisi mtu amenisikia.

Mchana simu ya Mama Zaituni ikalia. Alisikiliza. Akasema, "Ee. Ee. Mungu ni mwema. Ee, pole. Poleni sana, baba Tumpe." Akaniambia mama yangu ni mzima, walimfanyia upasuaji, atarudi. Nikasubiri aseme na lingine. Hakusema, akaniletea muwa.

Mama alirudi akiwa mwembamba, miguu yake imekuwa miguu tena, anatembea ameshika ubavu. Hakubeba kitu. Majirani walikuja wakakaa, wakasema pole, wakaondoka. Baba akaenda shambani. Mimi nilikuwa nje nyuma ya kibanda na nisingeingia kwa fimbo wala kwa pipi. Kila mama aliponiita niliitika "abee" na kubaki palepale. Mwishowe alikuja mwenyewe, akajishusha chini taratibu kama kikongwe, akakaa kando yangu kwenye vumbi.

"Unanikimbia," alisema.

Nikamwambia. Sikuanza mwanzo, nilianzia pale mtaroni, kwamba nilimwomba Mungu amdondoshe mtoto, na Mungu akafanya. Kisha mengine yote yakatoka kinyumenyume: maua ya nyanya, miguu, blauzi nyeusi, meno madogo chini ya ardhi.

Mama akasema, "Tumpe, yule mtoto alinyamaza asubuhi ile. Kabla ya maji yako, kabla ya gari. Nilipolala pale mkekani sikuwa nimelala. Nilikuwa namsikiliza."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Niliogopa. Nilifikiri nikisema ndiyo itakuwa kweli."

Nilimtazama. Sikuwahi kuwaza kwamba mama anaogopa. Nilidhani uoga ni kitu cha watoto, kama meno ya kwanza, unafika umri kinang'oka.

"Siku zote hizo uliogopa peke yako?" aliniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na mimi. Na tulikuwa tunalala mkeka mmoja." Akajifuta pua kwa upindo wa kanga. "Niambie kingine unachoogopa."

Nikafikiri. "Malori yanaposhuka Kitonga yakipiga breki."

"Hata mimi. Kingine?"

"Nyani wa pale konani."

"Nyani siwaogopi. Namwogopa jogoo wa Mama Zaituni, yule mwekundu. Ana macho ya mtu."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia, na yeye akacheka huku ameshika mshono, anasema "usinichekeshe, usinichekeshe, nitapasuka." Tukacheka tukalia, sikujua kipi ni kipi.

"Na naogopa kulala," akasema. "Nikifumba macho namsikiliza tena."

"Lala, mama," nikamwambia. "Mimi nitasikiliza."

Tukaingia ndani. Jua lilikuwa bado la mchana, na huko barabarani malori yalikuwa yanapita. Mama alijinyoosha mkekani akageukia ukutani, akaurudisha mkono mmoja nyuma ili niushike. Nikaushika. Nikakaa pale, macho yamenitoka, mgongo umenyooka kama askari, nikimsikiliza anavyopumua.